Afya ya Jamaa: Munkoyo, Maziwa ya Kuganda na Kazi ya Ini



Katika Likasi yetu, toka Kikula mpaka Panda, ni nani asiyeujua munkoyo? Kinywaji hiki cha mahindi, chenye uchachu na utamu kidogo, tulikunywa kwa bibi zetu kabla ya kujua kusoma. Na ndugu zetu waliotoka Kivu wanajua mashanza, yaani maziwa ya kuganda, wanayoyala pamoja na chakula chao. Ni vyakula vya zamani, wala havikuhitaji kutangazwa na mtu.

Lakini siku hizi tunasikia maneno mapya. Katika redio na katika simu za mkononi hutangazwa vidonge na chupa za probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida. Wengine husema kwamba vijidudu hivyo huosha mafuta yote ya damu na kulifanya ini kuwa jipya, hata mgonjwa asihitaji tena dawa za hospitali. Basi wazazi hutuuliza maswali mawili. La kwanza: Je, ni kweli kwamba vijidudu vya vyakula vilivyochachuka vyaweza kupunguza mafuta ya damu? La pili: Ikiwa ni kweli, baba aliyeandikiwa vidonge na daktari aweza kuviacha na kunywa maziwa ya kuganda tu?

Tujibu kwanza kwa ufupi, kisha tueleze sababu. Kwa swali la kwanza: ni kweli kwa sehemu, kwa vijidudu vya aina fulani, na kwa kiasi kidogo. Kwa swali la pili: asiviache. Atakayefahamu jinsi ini linavyofanya kazi ataona mwenyewe kwamba majibu haya mawili hayapingani.

KOLESTEROLI SI ADUI

Mafuta ya damu tunayoyasemea hapa huitwa kolesteroli. Jina lake lilitoka katika lugha ya Kiyunani, nalo lina maana ya kitu kigumu cha nyongo, kwa sababu wataalamu waliipata kwanza katika vijiwe vya nyongo. Wengi wakilisikia jina hili huogopa, kana kwamba ni sumu. Sivyo. Hakuna mtu awezaye kuishi bila kolesteroli. Mwili huitumia kujenga kuta za chembe zake hai, ambazo siku hizi huitwa seli. Huitumia kutengeneza homoni. Huitumia kutengeneza vitamini D katika ngozi ipigwapo na jua. Tena sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki katika sahani yetu, bali mwili wenyewe huitengeneza, na ini ndilo fundi mkubwa wa kazi hiyo.

Ubaya huja inapozidi katika damu, hasa katika mizigo midogo ambayo madaktari huiita LDL. Mizigo hiyo ikiwa mingi kwa miaka mingi, huingia katika kuta za mishipa, nayo mishipa huwa myembamba na migumu. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hushikwa na maumivu makali ya kifua na aweza kufa. Mshipa wa kichwa ukiziba, mtu hupooza upande mmoja, au hupoteza usemi. Na jambo la kuhuzunisha ni hili: mafuta hayo hayaumi. Mtu aweza kuwa nayo miaka 20 na kujiona mzima, akaenda kazini kila siku, mpaka siku moja jamaa wanamkuta ameanguka. Ndiyo maana swali la vidonge na maziwa ya kuganda si mchezo.

FUMBO LA WAMASAI

Habari za maziwa ya kuganda na kolesteroli zina historia yake, na sehemu yake kubwa ilitokea hapa hapa Afrika. Mwaka 1964 Dr George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza habari za uchunguzi walioufanya kati ya Wamasai wa Tanganyika. Waliwapima wanaume 400, pamoja na wanawake na watoto. Chakula cha Wamasai hao kilikuwa maziwa na nyama, yaani vyakula vyenye mafuta mengi ya wanyama. Kwa mafundisho ya siku zile, watu kama hao wangalipaswa kuwa na kolesteroli ya juu na magonjwa ya moyo. Kumbe damu yao ilikuwa na kolesteroli ya chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba mno.

Wataalamu walistaajabu, wakaanza kutafuta sababu. Wengine walisema: ni kwa kuwa Wamasai hutembea sana kufuata ng'ombe. Mwaka 1972 Mann na wenzake walieleza tena kwamba walikuwa wamechunguza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliokwisha kufa. Waliona kwamba mafuta yaliyoganda katika mishipa yalikuwako, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, hata damu ikaendelea kupita vizuri. Wengine tena walisema: ni magome ya miti wanayoyatia katika supu. Mwaka 1971 wataalamu wengine wa Marekani walitangaza jambo lingine: Wamasai wakipewa kolesteroli nyingi katika chakula, mwili wao hupunguza sana ile unayoitengeneza wenyewe. Maneno haya tuyashike, kwa maana yanatuelekeza kwenye ini.

Kisha mwaka 1974 Mann na Dr Anne Spoerry, yule daktari mwanamke aliyejulikana katika Kenya kwa kuwafikia wagonjwa kwa ndege, walitoa habari za jaribio walilolifanya na wanaume 24 wa Kimasai. Hawakuwa wanayatafuta maziwa. Walitaka kujua kama dutu fulani yenye tabia ya sabuni, ikitiwa katika chakula, ingepandisha kolesteroli. Wanaume wale wote, waliopewa dutu ile na wasiopewa, walikunywa maziwa ya kuganda kwa wingi kila siku. Wakanenepa. Lakini kolesteroli yao, badala ya kupanda, ilishuka katika makundi yote mawili! Mann akafikiri kwamba ndani ya maziwa yaliyochachuka mna kitu kinacholizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Mwaka 1977 alitoa habari za jaribio lingine la Wamarekani waliokula mtindi kwa wingi, naye akashikilia neno lake.

Lakini tupime kwa haki. Wanaume 24 ni wachache. Tena hapakuwa na kundi la tatu lisilokunywa maziwa, ili kulilinganisha na hayo mawili. Kwa hiyo jaribio lile liliuliza swali zuri, ila halikulimaliza. Miaka mingi ilipita kabla ya wataalamu kuona vizuri njia ambayo kijidudu cha tumboni chaweza kuipitia ili kuligusa ini.

INI NA NDOO ZAKE

Ini lakaa upande wa kuume, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Kati ya kazi zake nyingi, iko ya kutengeneza nyongo, ile maji ya kijani na manjano iliyo chungu sana. Ndani ya nyongo mna chumvi za nyongo, nazo hutengenezwa kwa kolesteroli.

Ili vijana wafahamu, tufananishe chumvi hizi na ndoo. Tulapo bukari pamoja na sombe iliyopikwa kwa mafuta ya mawese, mafuta hayo hayawezi kuchanganyika na maji ya matumbo. Ini hupeleka ndoo zake tumboni; ndoo hubeba mafuta na kuyafikisha mahali yanapoingia mwilini. Kazi ikiisha, ndoo hazitupwi. Mwishoni mwa utumbo mwembamba mna milango inayozipokea na kuzirudisha katika ini kwa njia ya damu, zikatumiwa tena. Safari hii hufanyika mara kadhaa kila siku. Katika kila ndoo 100, kama 95 hurudi. Zile chache zisizorudi hutoka pamoja na choo, na ini hutengeneza mpya badala yake kwa kutumia kolesteroli.

Sasa tazama ujanja wa vijidudu. Kila ndoo ya nyongo ina mpini wake, yaani kipande kidogo kilichounganishwa nayo, na kwa mpini huo milango ya utumbo huishika vema. Baadhi ya bakteria, hasa wa jamii ya Lactobacillus wanaochachusha maziwa na nafaka, wana kimeng'enya cha kuuvunja mpini huo. Ndoo isiyo na mpini haishikwi kwa urahisi. Nyingi zaidi hupotea pamoja na choo. Fundi akipotewa na ndoo hana budi kutengeneza nyingine, na bati la kutengenezea ndoo hizi ni kolesteroli. Basi ini huchukua kolesteroli katika ghala yake, na ghala ikipungua huitafuta katika damu. Hivyo damu hupunguziwa mzigo.

Iko njia nyingine pia. Mwaka 1985 Gilliland na wenzake wa Marekani walionyesha katika chupa za maabara kwamba bakteria fulani wa Lactobacillus acidophilus, waliotolewa katika matumbo ya nguruwe, waliweza kuichukua kolesteroli na kuitia katika miili yao wenyewe. Lakini jambo la chupani si lazima liwe vivyo hivyo katika tumbo la mtu, na njia ya ndoo ndiyo inayoeleweka vizuri zaidi.

KITABU CHA AMRI

Msomaji ataniuliza: Ini linajuaje kwamba ndoo zimepungua? Halina macho. Hapa ndipo twafika penye jambo la ajabu, nalo ni habari za jeni.

Ndani ya kila seli ya mwili mna kitabu kikubwa cha amri, tulichokirithi kwa baba na mama. Kila amri moja ni jeni. Seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kile kile kimoja. Lakini kama vile katika shule moja kila darasa hufungua ukurasa wa somo lake, ndivyo na seli ya ini hufungua kurasa zinazohusu kazi ya ini. Tena kurasa hazikai wazi siku zote. Jeni hufunguliwa kazi inapotakiwa, na hufungwa kazi ikitosha. Chakula hakibadili maandiko ya kitabu. Hubadili tu ukurasa upi usomwe, na kwa nguvu gani.

Ndoo za nyongo zinaporudi kwa wingi katika utumbo, seli za utumbo huzitambua, nazo hutuma mjumbe katika damu kwenda kwa ini. Kwa wanadamu mjumbe huyo huitwa FGF19. Ujumbe wake ni kama kusema: "Ndoo zatosha, acheni kazi." Ini husikia, hufunga ukurasa wa jeni iitwayo CYP7A1, ambayo ndiyo amri ya kuanza kutengeneza chumvi za nyongo. Lakini ndoo zikipotea, mjumbe huwa dhaifu. Ukurasa hufunguliwa, na kolesteroli huanza kugeuzwa kuwa nyongo.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bari, katika Italia, walitangaza kwamba waliwapa panya mchanganyiko wa probiotiki, wakaona hayo yote kwa taratibu: chumvi za nyongo zilitoka kwa wingi katika choo, mjumbe wa utumbo alipungua, na jeni ya CYP7A1 ilifanya kazi zaidi katika ini. Mwaka huo huo wataalamu wa Cork, katika Ireland, walitia katika matumbo ya panya bakteria waliopewa nguvu ya kuvunja ule mpini. Kolesteroli ya damu ikapungua, na panya hawakunenepa kama wenzao. Basi twaona kwamba viumbe visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa katika utumbo, vyaweza kufanya kurasa zifunguliwe katika ini, ingawa wao wenyewe hawaliingii.

Lakini hadithi haiishi hapo, na sehemu hii ndiyo wauzaji huinyamaza. Ghala ya ini inapopungukiwa na kolesteroli, ini hufungua kurasa mbili kwa pamoja. Ukurasa wa kwanza ni wa kutengeneza milango juu ya seli zake ili kuivuta LDL kutoka katika damu. Hilo ni jema. Dr Michael Brown na Dr Joseph Goldstein wa Dallas walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuivumbua milango hiyo na kazi yake. Ukurasa wa pili ni wa kutengeneza kolesteroli mpya ndani ya ini lenyewe. Hilo hurudisha nyuma sehemu ya faida tuliyoipata. Ini ni kama mama mwenye busara: akiona unga wapungua, hutuma mtoto sokoni, na papo hapo huanza kusaga mwenyewe.

Hapa ndipo tunapoiona tofauti ya dawa za daktari. Mwaka 1973 Dr Akira Endo wa Japani alipata katika ukungu wa buluu dutu inayozuia kazi ile ya pili, yaani kusaga kolesteroli mpya. Kutokana na njia hiyo zilipatikana dawa ziitwazo statini. Zikizuia usagaji, ini hubaki na njia moja tu: kufungua milango na kuvuta LDL kutoka katika damu. Ndiyo sababu statini zina nguvu kubwa, na maziwa ya kuganda yana nguvu ndogo.

MIZANI YA MAJARIBIO

Baada ya panya, tuwatazame watu. Mwaka 2012 Mitchell Jones na wenzake walitoa habari za jaribio la watu wazima 127 wenye kolesteroli nyingi. Wengine walipewa vidonge vyenye bakteria wa Lactobacillus reuteri, aina iliyochaguliwa kwa kuwa yavunja mpini wa ndoo za nyongo; wengine walipewa vidonge vitupu, wala mgonjwa hakujua amepewa vipi. Baada ya majuma 9, LDL ya waliopata bakteria ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 12, ikilinganishwa na wenzao. Ni jambo la kupendeza. Lakini jaribio lingine la mwaka 2005, lililotumia vidonge vya Lactobacillus acidophilus, halikuona faida yo yote.

Je, wataalamu wanapingana? Hapana. Bakteria ni mataifa mengi. Kama vile si kila mti wenye majani ya namna moja huzaa embe, vivyo hivyo si kila Lactobacillus huvunja mpini wa ndoo. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na la Afya ya ulimwengu walikutana Córdoba katika Argentina, wakaamua maana ya neno probiotiki: ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, huleta faida kwa afya ya anayevipokea. Angalieni maneno matatu: hai, kiasi cha kutosha, faida. Kidonge kilichokaa juani sokoni miezi mingi, kina nini hai ndani yake? Karatasi isiyotaja aina ya kijidudu wala kiasi chake, yatuambia nini? Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tulinganishe. Kijidudu bora kilichochaguliwa, kilipofanya vizuri, kilipunguza LDL kwa kama asilimia 12. Statini, kwa kadiri ya aina na kipimo, huishusha kwa kama asilimia 30 hadi 50. Na zaidi ya hayo, majaribio makubwa ya statini yameonyesha kwamba hupunguza mishtuko ya moyo na kupooza; kwa probiotiki hakuna jaribio lililoonyesha hivyo. Kwa hiyo baba aliyeandikiwa vidonge, akiviacha kwa ajili ya chupa ya sokoni, aliyekuwa na ngao ya chuma ameibadili kwa ngao ya karatasi.

NA MUNKOYO WETU?

Je, tuudharau munkoyo? Hata kidogo. Mama zetu hupika uji wa mahindi, huupoza, kisha hutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyougeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Kisha huchujwa na kuachwa siku moja au mbili, nao huchachuka. Mwaka 2019 wachunguzi wa Zambia na wa Uholanzi walitangaza habari za munkoyo wa Zambia, wakaeleza kwamba bakteria wa asidi ya maziwa ndio wenyeji wakuu ndani yake. Vivyo hivyo mwaka 2004 wachunguzi wa maziwa ya kuganda ya Wamasai wa Kenya waliona kwamba Lactobacillus plantarum ndiye aliyekuwa mwingi kuliko wengine. Bibi zetu hawakuwa na darubini, lakini walifuga viumbe hao vizazi kwa vizazi.

Hata hivyo tusiseme zaidi ya tunalolijua. Kuwa na bakteria hai hakutoshi kukifanya kinywaji kuwa dawa ya kolesteroli. Munkoyo ni chakula, tena chakula kizuri, si dawa. Faida yake iliyo wazi ni nyingine: ukiwa haukutiwa sukari, ni bora kuliko vinywaji vya chupa vilivyojaa sukari. Maana sukari nyingi, ikifika katika ini, hugeuzwa kuwa mafuta, na ini lenyewe laweza kujaa mafuta hata kwa mtu asiyekunywa pombe. Kijana anayeona haya kunywa munkoyo mbele ya wenzake, akanunua chupa ya sukari ili aonekane mstaarabu, anapoteza fedha na afya pamoja. Mdharau kwao ni mtumwa.

Lakini usafi kwanza. Likasi imekwisha kuonja kipindupindu, kama mwaka 2008, nasi twajua kilivyoingia katika nyumba kwa maji machafu. Atengenezaye munkoyo apike uji sawasawa, aoshe mizizi, atumie maji yaliyochemshwa, wala asiongeze maji mabichi baada ya kupika. Vyombo viwe safi na vyenye kifuniko. Maziwa nayo yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe kidogo cha maziwa ya kuganda ya jana. Maana maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa bruselosisi. Na akumbuke kwamba munkoyo ukikaa siku nyingi huingia ulevi, usipewe watoto.

MASHAURI KWA JAMAA

Kwanza: Mtu aliyepita miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, au kisukari, au aliyefiwa na ndugu kwa ugonjwa wa moyo au kupooza, amwulize daktari juu ya kupima kolesteroli. Ni kipimo cha damu kidogo tu.

Pili: Aliyeandikiwa vidonge avinywe kila siku, hata akijiona mzima. Vikimsumbua, au fedha zikimpungukia, asinyamaze. Amwambie daktari, ambaye aweza kubadili aina au kipimo. Mama wa nyumba na watoto wakubwa wamkumbushe kwa upole, si kwa kelele.

Tatu: Maziwa ya kuganda, mashanza na munkoyo safi usio na sukari vyaweza kuliwa pamoja na dawa, wala havipigani nazo. Ila mtu mwenye ugonjwa mkubwa unaodhoofisha nguvu za mwili amwulize kwanza daktari kabla ya kununua vidonge vya vijidudu hai.

Nne: Mafuta ya mawese ni matamu, na yale mekundu yana vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta magumu yanayopandisha LDL. Hatusemi yaachwe, twasema kijiko kipimwe. Maharage, lengalenga na matunda yaongezwe, kwa kuwa nyuzinyuzi zake pia hushika ndoo za nyongo na kuzitoa nje, tena ni chakula cha vijidudu vyema.

Tano: Tumbako iachwe. Lutuku iachwe. Hakuna kijidudu cho chote kiwezacho kulisaidia ini ambalo bwana wake hulichoma kwa pombe kali kila jioni. Na miguu itumike; Wamasai wale hawakukaa kitini.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini hatuwezi kuishi bila kolesteroli?
2. Ndoo ya nyongo ikivunjika mpini, ini hufanya nini?
3. Taja kurasa mbili ambazo ini hufungua kolesteroli inapopungua katika ghala yake. Ni upi unaofungiwa njia na statini?
4. Kwa nini jaribio la Wamasai 24 halikutosha kumaliza swali?

Wanafunzi wayajibu nyumbani mbele ya wazazi, kwa sauti. Huenda baba anayetaka kuviacha vidonge vyake akasikia jibu la swali la tatu kutoka kinywani mwa mwanawe, akaviacha mezani mahali pake, karibu na kikombe cha munkoyo, avinywe jioni hiyo na kesho yake pia.